Bukta ya Buluu Nyuma ya Mkwe

Mdogo wangu Abdulnasiri ndiye mwanamume pekee ninayemjua aliyeshindwa mbio na mama mkwe wake, na mama mkwe mwenyewe alikuwa amekaa kitako, anatafuna karanga.

Simsengenyi. Kusengenya ni dhambi, na isitoshe yeye mwenyewe amekaa hapa kibarazani ninapoandika, ananiambia niongeze kwamba siku hiyo upepo ulikuwa mkali. Haya, upepo ulikuwa mkali.

Nasiri si mwongo. Mwongo anajua kwamba anadanganya. Nasiri yeye neno likishamtoka mdomoni, kwake limekwisha kutendeka. Alipomwahidi mkewe Sabiha kwamba ataezeka jiko kwa bati, kesho yake asubuhi alianza kulalamika kwamba mvua zikija hatutasikilizana kwa kelele za bati. Jiko lilikuwa la nyasi, na bati lilikuwa bado dukani kwa mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza anachokipata. Sisi tuliozoea kupanga foleni kwa ajili ya kipande cha sabuni, ghafla tukawa tunachagua harufu. Nasiri akanunua saa ya mkononi iliyotoka Dubai. Ilikuwa na vitufe vinne, na kila saa ikitimia ililia kama kifaranga aliyepotelewa na mama yake. Tangu siku hiyo hakuwa tena anakwenda msalani kama watu wengine. Alikuwa anakwenda kwa dakika tatu na sekunde arobaini.

Kilichomwondoa Sabiha nyumbani ni harusi ya mdogo wake huko Kondoa. Nasiri alitangaza kwamba atafika na gari lake binafsi, na kwamba bibi harusi asipande kitu kingine chochote. Bibi harusi akasubiri, amepambwa, amefunikwa, jasho linamtoka. Saa kumi jioni likaingia lori la vitunguu. Juu kabisa ya magunia alikuwa shemeji mtu, amevaa koti la suti, anapunga mkono.

Sabiha hakugombana. Alifunga nguo zake kwenye kanga na kubaki kwa mama yake.

Tukaenda kusuluhisha, mimi pamoja na mjomba wetu mzee Shaaban. Mama yake Sabiha anaitwa Bi Zaitun. Ni mwanamke mfupi, mwembamba, muuza alizeti, na hupaza sauti mara chache sana. Kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni, wala hawasemezani ovyo. Kwa hiyo ingawa Nasiri alikuwa amekaa kwenye mkeka uleule, hatua mbili tu kutoka kwake, Bi Zaitun alizungumza na mimi.

"Mama Lulu, mwambie mdogo wako sitaki mbuzi wala sitaki kuombwa radhi. Aseme jambo moja, halafu alifanye kama alivyolisema. Moja tu. Akilifanya, mke wake atarudi. Akishindwa, tutaandikiana talaka kwa amani."

Mtu mwenye akili zake angesema, nitachimba shimo la choo. Au, nitaezeka jiko. Mimi nilimkanyaga mguu ili aseme jiko.

Lakini asubuhi hiyohiyo stendi ya mabasi Nasiri alikuwa ameona tangazo. Bwana Respicius, aliyekuwa amefungua duka la raba pale Dodoma mjini, ameandaa mbio za kilomita ishirini na moja, kutoka upande wa Makutupora mpaka uwanja wa mpira. Mshindi baiskeli. Wengine wote watakaofika watapewa cheti chenye muhuri, kimeandikwa muda waliotumia.

"Mwambie mama," Nasiri akanijibu mimi, "nitakimbia kilomita ishirini na moja kwa saa moja na dakika hamsini."

"Anafukuzwa na nani?" akauliza mzee Shaaban.

"Hafukuzwi na mtu, mjomba. Ni mbio."

"Basi kwa nini asipande basi?"

Bi Zaitun alitafuna karanga zake taratibu mpaka zikaisha. Akasema, "Mama Lulu, mwambie nitakuja kuangalia kwa macho yangu. Na hicho cheti Sabiha ndiye atakayekisoma."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana Sabiha nilikuwa nampenda kama mdogo wangu wa kuzaliwa naye, na usiku ule nilimuona anasugua sufuria ambayo ilikuwa tayari safi.

Nasiri alifanya mazoezi kwa wiki tatu. Mazoezi yenyewe yalikuwa kukaa barazani na penseli. "Dada, kilomita moja dakika tano. Ishirini na moja mara tano ni mia moja na tano. Zinabaki dakika tano za kuwapungia watu mikono." Kwa hesabu alikuwa amekwisha kushinda. Alizunguka nyumba mara nne, mara moja kati ya hizo akifukuzwa na bata wa jirani, na hiyo ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote.

Kisha akaenda kwenye mitumba akarudi na bukta.

Ilikuwa ya buluu, inang'aa kama karatasi ya pipi, na ubavuni ilikuwa na mpasuko uliopanda mpaka mahali ambapo mimi nisingependa kuandika. Akaivaa akaja nayo sebuleni. Nikajifunika uso.

"Nasiri, stara ya mwanamume ni kitovu mpaka magoti."

"Dada, hiyo ni kwa mtu aliyesimama. Mimi nitakuwa nakimbia, hawataniona vizuri."

"Na baridi je? Mwezi wa saba huu. Vaa suruali."

"Suruali inakula dakika tatu. Nimepiga hesabu. Baridi ni ya watu wanaotembea."

Siku ilipofika, Bi Zaitun alikuwa ametoka Kondoa na basi tangu jana yake, akalala kwa ndugu zake Veyula, na mimi nilikwenda kumpokea kama inavyopasa. Sabiha alitangulia mjini. Asubuhi tukatoka na Bi Zaitun kutafuta usafiri wa kwenda uwanjani, tukakuta kamati ya mbio imezuia magari yote mpaka saa tano. Kilichoruhusiwa ni mkokoteni wa punda wa Bwana Matonya, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba nao ni chombo cha usafiri.

Matonya alikuwa mzee wa Kigogo mpole, amejifunga blanketi mpaka masikioni. Bi Zaitun alikaa mbele karibu naye, na ushungi wake wa kijani wenye maua meupe, ambao Kondoa nzima wanaujua. Kifurushi chake akakiweka mapajani. Mimi nilikaa nyuma, miguu inaning'inia, natazama tulikotoka. Matonya akanipa gunia tupu nikalie, maana mbao zilikuwa baridi kama jiwe la kaburi.

Baridi ya Dodoma mwezi wa saba si ya mvua wala umande. Ni upepo. Unatoka sijui wapi, unapita kwenye kila tundu la nguo, unauliza habari za mifupa yako, kisha unaanza upya.

Wakimbiaji wakaanza kutupita. Wa kwanza kabisa alikuwa Elieza, fundi baiskeli wa Makutupora, mtu mwenye wajukuu, amevaa suruali ndefu aliyoichomeka ndani ya soksi na sweta la mkewe lenye vifungo vya maua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Kimbia salama," akajibu Bi Zaitun.

Wakapita na wengine, makoti, makofia ya sufu, mmoja amejifunga taulo kichwani. Mmoja alikuwa amebeba kuku kwapani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ana shangazi yake mjini, na safari ni safari.

Kisha nikaiona kofia nyekundu ya Nasiri kwa mbali.

Sitamnyima haki yake. Alikuwa anakimbia kweli. Magoti yanapanda, viwiko vinakwenda, saa inametameta. Aliponiona akanyoosha kidole kimoja juu kwa furaha, akabofya kitufe. Baadaye aliniambia ilikuwa kilomita ya sita, dakika ya thelathini kamili, na kwamba wakati ule tayari alikuwa anatunga hotuba.

Halafu akauona ushungi wa kijani.

Sijawahi kuona mtu akisimama vile. Miguu ilifunga breki, kiwiliwili kikaendelea na safari. Akajitazama mapaja. Akautazama mgongo wa mkwe wake. Akaruka kutoka barabarani kama panzi na kuzama kwenye vichaka.

Jamani, angefanyaje? Mwanamume hampiti mama mkwe wake mapaja wazi. Hilo halikuandikwa kwenye tangazo la Bwana Respicius, lakini liko juu ya tangazo lolote. Na barabara ile ya Kondoa imenyooka. Hata angezunguka porini akatokea mbele yetu, angekimbia mbele ya macho ya Bi Zaitun kilomita nzima, na mpasuko ule.

Kichwa kikachomoza kwenye kichaka. Akaanza kuniambia kwa mikono. Akaonyesha mapaja yake, akamwonyesha mkwe wake, akaonyesha saa, akaunganisha viganja kama anayeomba dua. Nikaelewa anataka mkokoteni ukimbie, au utoke barabarani, au upae. Nikamjibu kwa mikono kwamba haiwezekani.

"Mama Lulu," akasema Bi Zaitun bila kugeuka, "unazungumza na nani kwa mikono?"

"Nafukuza nzi, mama."

"Kwenye baridi hii?"

"Mmoja tu, mama. Mkaidi."

Mwenyezi Mungu anisamehe. Ningemwambiaje mkwe wa watu kwamba mume wa binti yake yuko porini nusu uchi? Hata kulitamka ni aibu. Nikajaribu njia nyingine.

"Bwana Matonya, punda wako hawezi kuongeza mwendo kidogo?"

"Anaweza," akasema Matonya.

"Asiongeze," akasema Bi Zaitun. "Mgongo unaniuma. Tena punguza kidogo, baba."

Punda akapunguza. Alikuwa punda msikivu sana.

Nasiri akajaribu kuzunguka kwa mbali, ng'ambo ya vichaka, ili atokee mbele kabisa, mbali na macho ya mkwe. Kwa bahati mbaya vichaka vya kwetu ni miba, na miba ya kwetu ina kulabu. Akaingia upande mmoja anakimbia, akatoka upande wa pili anatembea na vipande vya mti. Akakutana na korongo. Akashuka korongo. Ng'ambo yake kulikuwa na zizi la mbuzi, na zizi lilikuwa na mbwa wawili ambao hawakuwa wameona bukta ya namna ile tangu wazaliwe. Akapanda korongo. Alipotokea barabarani alikuwa nyuma yetu kuliko mwanzo.

Sisi tulisikia tu majani yakivunjika, kisha mtu akikohoa.

"Mama Lulu, kuna nini huko porini?"

"Pengine ni digidigi, mama."

"Digidigi anakohoa?"

"Wa huku wanakohoa. Ni hii baridi."

Bi Zaitun akanipa karanga, akaangalia mbele. "Masikini," akasema. "Angetafuta cha kujifunika."

Tulipofika Msalato, Nasiri akapata wazo. Nyuma ya ua wa mabua kulikuwa na mama anakaanga maandazi, anaitwa Dorothea. Nasiri akainua kichwa juu ya ua.

"Dada, niazime kanga."

Dorothea akashika mwiko. "Ya nini?"

"Nimpite mkwe wangu."

Dorothea akachungulia upande wa pili wa ua, akaona yaliyopo, akavuta pumzi ndefu. "Kaka yangu, unataka umpite mkwe wako umevaa kanga ya mke wa mtu? Hapo utakuwa umempita au umemuua?"

Dorothea akamhurumia akampa andazi la moto. Alilila amechuchumaa nyuma ya ua, machozi yanamtoka, na hajui mpaka leo kama ni ya moto wa andazi au ya mengine. Saa ya Dubai ikalia kifaranga. Ilikuwa saa mbili kamili, na mbio zilianza saa moja. Zilibaki dakika hamsini, na mjini kulikuwa kilomita kumi na mbili, na mbele yake kulikuwa na mgongo mmoja mdogo wa mwanamke.

Hapo, anasema, ndipo alipoacha kuwaza hotuba. Akamuwaza Sabiha.

Akaendelea kutufuata. Tulikwenda, akaja. Tuliposimama punda anywe maji, akasimama nyuma ya mti mwembamba kuliko yeye. Mara kwa mara mkimbiaji aliyechelewa alimpita, akamsalimia Bi Zaitun, akapita na mkokoteni. Alipita mzee mmoja anayechechemea. Alipita bwana mmoja mnene aliyekuwa anatembea, mikono mfukoni, anaimba kwaya. Nasiri aliwatazama wote kwa jicho la mtu aliyeachwa na treni akiwa na tiketi mkononi.

Meno yake yalikuwa yanagongana, niliyasikia kutoka mkokotenini. Miguu ilikuwa ya rangi mbili, nyekundu ya miba na nyeupe ya vumbi. Saa mbili na dakika hamsini ilipofika kifaranga hakikulia, maana hakilii kwenye nusu nusu, lakini niliona akiitazama saa, kisha akauvuta mkono wa fulana uifunike.

Angeweza basi kupita. Muda ulikwisha potea. Angeweza kusema, liwalo na liwe, akatupita mbio akaenda akaketi kwenye jua. Hakupita. Alizidi kuja nyuma yetu, kichwa chini, pole pole, kama anasindikiza.

Tulikuwa tunaanza kuona mabati ya mjini ndipo akili ilipokuja. Nilitaka kujisogeza kidogo, nikashika nilichokalia.

Gunia.

Saa mbili nzima nilikuwa nimekalia suluhisho.

Nikajinyanyua upande, nikalivuta, nikaliachia likaanguka barabarani bila sauti. Nasiri akalirukia kama mtu aliyeona sarafu ya dhahabu. Lilikuwa zima, halina tundu chini, na hakuwa na kisu. Akaingiza miguu yote miwili ndani, akalivuta mpaka kifuani, akalishika kwa mikono miwili. Sasa alikuwa na stara kuliko sheikh yeyote mkoani. Ila hakuweza tena kukimbia. Aliweza kuruka.

"Matonya baba," akasema Bi Zaitun palepale, "simamisha nifunge ushungi vizuri."

Ushungi wake ulikuwa umefungwa vizuri tangu Veyula. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena.

Nasiri akatufikia kwa kuruka. Tup. Tup. Tup. Akapita ubavuni, uso ameugeuzia mashambani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema Bi Zaitun, naye amegeuzia uso upande wa pili. "Pita baba, pita."

Nikashukuru Mungu kwa sauti. Nikadhani yamekwisha.

Sikujua kwamba lile gunia lilikuwa la pumba za punda, na mabaki yake yalikuwa bado yameganda ndani.

Punda wa Matonya alitoka Veyula bila kula, na mlo wake aliuachia nyuma, nimeukalia mimi. Sasa ulikuwa unaruka mbele ya pua yake, unadondosha unga kila ukitua. Akainua masikio. Akapiga kelele moja iliyosikika mpaka gerezani, akaondoka.

Mwendo ule alioukataa kilomita kumi na tano alikuwa anauweka akiba. Matonya alivuta kamba, akamwita kwa Kiswahili na kwa Kigogo. Mimi nilishika ubao na kusoma kila dua niliyofundishwa. Bi Zaitun alishika kifurushi chake, na nashuhudia kwamba alikuwa anacheka.

Nasiri alisikia kwato. Akageuza kichwa, akaona mkwe aliyemheshimu asubuhi nzima anamjia kwa kasi. Sijui aliwaza nini. Najua aliruka kwa nguvu mpya, gunia limeshikwa kidevuni, punda akimsukuma mgongoni kwa pua kila hatua ya tatu.

Hivyo ndivyo tulivyoingia uwanja wa mpira.

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Wakimbiaji wote walikwisha fika, wamekunywa chai, Elieza yuko juu ya baiskeli yake mpya. Uwanjani walikuwa wamepangwa watoto wa shule kila mmoja na gunia lake, kwa sababu saa nne ilikuwa zamu ya mbio za magunia.

Bwana Respicius alikuwa na kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, nyamazeni. Watoto, tazameni mnavyotakiwa kufanya. Mtazameni mwalimu wenu anavyoruka. Magoti pamoja, hivyohivyo. Ila punda hatutawapa."

Uwanja mzima ukapiga makofi. Nasiri akavuka mstari, akaanguka kifudifudi, na punda akaanza kula.

Sabiha ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika pale. Akamfukuza punda, akamkung'uta mumewe pumba usoni. Bwana Respicius akaandika cheti, akagonga muhuri, akampa Sabiha mkononi kama tulivyokubaliana.

Sabiha akasoma. "Saa mbili na dakika hamsini."

Nasiri akainua kichwa kutoka kwenye nyasi.

"Nilisema dakika hamsini," akasema. "Si hizo hapo zimeandikwa? Kilichozidi ni saa moja tu, na hiyo haikuwa yangu, ilikuwa ya punda."

Sabiha akafumba macho. Mimi nikatazama ardhi. Nikajua basi, mdomo umemaliza kazi ambayo miguu ilishindwa kuimaliza.

Bi Zaitun akashuka mkokotenini bila haraka. Akasimama hatua mbili kutoka kwa mkwe wake, akautazama mlingoti wa goli.

"Mama Lulu," akasema.

"Abee mama."

"Leo barabarani nimehesabu. Watu thelathini na saba wamenipita. Wa makoti, wa suruali, wa kuku. Wote wana haraka, wote wamenipita, na sina neno nao. Mmoja hakunipita mpaka alipopata cha kujistiri. Sijui ni nani, mimi sikugeuka."

Hata punda aliacha kutafuna.

"Mwambie mdogo wako, alichokisema hakukifanya. Saa ni saa. Lakini kuna jambo amelifanya asubuhi nzima na hakulisema kwa mtu yeyote. Kwa mwanamume yule, hilo la pili nililiona gumu zaidi." Akamgusa Sabiha begani. "Nenda kwako mwanangu. Akianza kuahidi, mpe nyundo."

Nasiri akafungua mdomo. Niliona hotuba inapanda kooni. Sabiha akaiona pia, akamtia karanga mdomoni.

Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja. Bi Zaitun akafungua kifurushi chake alichokipakata tangu Veyula, akatoa msuli mpya wa mistari, mnene, mrefu wa kutosha watu wawili. Ilikuwa zawadi aliyomletea mkwe wake kutoka Kondoa. Akanipa mimi nimpe.

Nikautazama ule msuli. Nikautazama mkokoteni. Nikazitazama zile kilomita zote.

"Mama," nikamnong'oneza, "ulikuwa nao muda wote? Mbona hukumrushia?"

Bi Zaitun akanitazama kwa mshangao wa mtu asiye na hatia yoyote.

"Nimrushie nani, Mama Lulu? Si uliniambia ni digidigi?"